Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ushauri wa Kazi Ndani ya Vitivo, 2024/2025

Ndugu Wanachama,

Assalaam Aleikum.

Taarifa hii ni ya mwaka wa masomo 2024/2025. Mapato na matumizi atayasoma Mshika Fedha, na mahudhurio ya vikao yamo katika kitabu cha Katibu. Mimi nitabaki na kazi yenyewe: kumshauri mwanafunzi wa chuo kikuu kuhusu ajira humo humo katika kitivo anachosomea. Nitatumia neno kitivo kwa wote. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wanaita skuli, nao watanisamehe. Kuandika majina mawili kila mstari kunachosha macho.

Neno kubwa la mwaka huu nalitanguliza, ili anayewahi gari ya shamba aondoke nalo. Mshauri asiye na saa kwenye ratiba ya kitivo hana kazi ya ushauri, ana cheo tu.

Kwa nini kitivoni

Vyuo vyetu vimetawanyika. SUZA peke yake ina kampasi Tunguu, Vuga, Beit el Ras, Maruhubi, Mbweni, Chwaka na Kizimbani, mbali na Pemba. Ofisi moja ya ajira, hata ikiwa na watu hodari, haimfikii mwanafunzi wa uuguzi wa Mbweni mwenye zamu ya wodini asubuhi na darasa mchana. Huyo hapandi daladala mbili kwenda kuulizia namna ya kuandika wasifu. Na hata akienda, afisa atakayemkuta hajui mitaala ya uuguzi. Atampa ushauri ule ule aliompa mwanafunzi wa uhasibu aliyetoka mlangoni sasa hivi.

Mhadhiri mitaala anaijua. Lakini naye ana upungufu wake, na tuuseme bila kuoneana haya: wengi wetu tumetoka darasani tukarudi darasani, na kazi tunayoijua kwa undani ni hii ya kufundisha. Mwenye alama za juu tunamwambia aendelee na shahada ya pili. Wa alama za kati hatuna la kumwambia. Ndiyo maana tunashikilia mpango wa mikono miwili: mshauri wa kitivo, ambaye ni mhadhiri, analeta undani wa masomo, ofisi ya ajira ya chuo inaleta khabari za waajiri, na wawili hao wanaonana mara moja kila mwezi wakiwa na karatasi mkononi. Vitivo vilivyoacha kikao hicho vilirudi kwenye ushauri wa jumla ndani ya miezi michache.

Saa mbili za wiki

Kipimo tunachokipendekeza ni saa 2 kwa wiki, siku ile ile na wakati ule ule, zimeandikwa kwenye ratiba ya kitivo kama kipindi cha somo. Saa 2 zinatosha wanafunzi 4: dakika 25 za mazungumzo kwa kila mmoja na dakika 5 za kuandika kumbukumbu kabla ya kumwita wa pili. Darasa la watu 60 linamalizika kwa wiki 15, yaani muhula mmoja. Anayesema atawamaliza kwa siku mbili anazungumzia mkutano, si ushauri.

Siku ya kuepuka ni Ijumaa. Adhuhuri ni msikitini, na wanafunzi wa Pemba au wa shamba wanaorudi kwao wameshaondoka. Mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka huu uliangukia Machi, katikati ya masomo, saa za alasiri zisogezwe asubuhi. Vitivo vilivyoziacha saa 9 alasiri vilibaki na kiti kitupu. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, na kisiwe cha Mkuu wa Kitivo. Mwanafunzi mwenye somo la kurudia hatosema ukweli mbele ya mtu atakayetia saini matokeo yake.

Tatizo kubwa lilikuwa saa hizo kutohesabiwa katika mzigo wa kazi. Mwanzoni mwa muhula mhadhiri anazifanya kwa moyo, kama msaragambo. Wiki ya sita inaingia mitihani ya majaribio na kusahihisha, na cha kwanza kuachwa ni kile kisichoandikwa popote. Hatumlaumu. Lawama iko kwa anayepanga ratiba.

Dakika 25 zinavyotumika

Mwanafunzi aje na karatasi tatu: matokeo yake ya mihula yote, wasifu wake hata kama ni mbovu, na tangazo moja la kazi la kweli ambalo angependa kuliomba. Bila ya tangazo mazungumzo yanaishia kwenye "nataka kazi yoyote", na hapo hakuna wa kumshauri.

Dakika 5 za mwanzo ni za matokeo. Hapa washauri wengi wanapita haraka, na wanakosea. Madaraja ya shahada tunayajua: 4.4 na zaidi ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye wastani wa 2.6 hujiona ameshaharibikiwa. Chukua kalamu umpigie hesabu. Shahada ya miaka mitatu ya krediti 360, amemaliza 240 kwa wastani wa 2.6, zimebaki 120. Ili afike 2.7 anahitaji wastani wa 2.9 katika mwaka wa mwisho. Hilo linawezekana, tena bila miujiza. Na vyuo vingi vinaitaka 2.7 hiyo kwa anayeomba shahada ya pili moja kwa moja. Mwanafunzi akiiona 2.9 imeandikwa kwenye karatasi, mazungumzo yanabadilika sura. Lakini uliza kwanza kama chuo kinahesabu mwaka wa kwanza katika wastani wa mwisho, usije ukampa hesabu ya uongo.

Dakika 10 zinazofuata ni za tangazo. Tulieleza katika mafunzo ya Novemba namna ya kutumia kalamu mbili: ya buluu inapigia mstari kila sharti ambalo mwanafunzi anaweza kulithibitisha kwa karatasi au kwa kazi aliyoifanya, nyekundu inapigia yale asiyoweza. Asipige mwalimu, apige mwenyewe. Ikibaki nyekundu nyingi, mchague pamoja moja tu inayoweza kupatikana kabla ya kumaliza masomo, muandike wapi na lini. Washauri wanaomwandikia mwanafunzi mambo saba ya kufanya wanamrudisha nyumbani na mambo saba asiyoyafanya.

Zinazobaki ni za wasifu, na hapa kasoro ni ile ile kila kitivo: mwanafunzi anaandika jina la somo badala ya kazi iliyotoka ndani yake. "Nina ujuzi wa takwimu." Mwajiri haoni kitu. Muulize alichokifanya kwa mikono yake, utasikia kwamba alisafisha dodoso 120 za kaya, akaziingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, akatoa majedwali 6 na ripoti ya kurasa 14. Basi hayo ndiyo yaandikwe, kwa mpangilio huo huo: alichokifanya, kwa chombo gani, kiasi gani, kilitoka nini. Wa teknolojia ya habari aandike majedwali mangapi yamo katika hifadhidata aliyoitengeneza na duka au ofisi gani inaitumia. Kama haitumiwi na mtu, aseme ni kazi ya darasa. Msimamizi wa usaili atauliza tu.

Fildi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwaka unapoharibika.

Mafunzo kwa vitendo, ndiyo fildi, yanachukuliwa kama sharti la kumaliziwa, si kama mlango wa kazi. Barua za kuomba nafasi zinatoka kitivoni zimechelewa, mwanafunzi anahangaika nazo mwenyewe, na wengi wanakimbilia afisi zile zile za mjini ambako ndugu au jirani yupo. Matokeo yake ni wanafunzi watano kwenye afisi yenye meza moja ya wageni. Wawili wanapeleka majalada, mmoja anatoa fotokopi, waliobaki wanakaa kwenye benchi wakichezea simu. Baada ya wiki 8 daftari la fildi linatiwa saini kurasa zote siku moja, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja. Mshauri yeyote akilifungua daftari la namna hiyo anaujua ukweli kabla hajasoma neno.

Tiba tuliyoijaribu ni karatasi ya makubaliano, iliyoandikwa upande mmoja tu, yenye saini tatu: mwanafunzi, msimamizi wa afisi na mhadhiri. Ndani yake kazi 3 tu, kila moja ikiishia kwenye kitu kinachoonekana. "Kujifunza shughuli za idara" haikubaliki. "Kuhakiki orodha ya mali za idara na kuikabidhi ikiwa imesahihishwa" inakubalika. Karatasi isainiwe kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi akishakaa wiki mbili bila ya kazi, afisi imeshamzoea kuwa hana kazi.

La pili ni ziara ya mhadhiri. Mtindo uliozoeleka ni kwenda mara moja, wiki ya saba, kutoa alama. Wakati huo hakuna linaloweza kurekebishwa. Tunashauri aende wiki ya pili, dakika 20 zinatosha, aulize ile karatasi imefikia wapi. Na ya mwisho ndiyo ya alama. Nauli ya ziara mbili kwa afisi za mjini si kubwa. Kwa Nungwi, Makunduchi na Micheweni ni kubwa, na huko simu ya msimamizi wiki ya pili inafaa kuliko kutokwenda kabisa.

Kwa vitivo vya utalii, kalenda ya hoteli izingatiwe kabla ya kalenda ya chuo. Msimu wa wageni ni Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinapunguza wafanyakazi na nyengine zinafunga kwa matengenezo. Mwanafunzi anayepelekwa Paje au Kiwengwa mwezi wa Mei ataona bustani na mafundi wa rangi. Atakayepelekwa Julai atashika kazi hasa, lakini aambiwe mapema kwamba kuna zamu za usiku na usafiri wa kurudi si wa uhakika. Wazazi waelezwe jambo hilo kwa barua ya chuo, khasa wa wasichana. Kulinyamazia kumewakatisha wengi fildi katikati.

Majina na vyeti

Hili halionekani kuwa la ushauri wa kazi, lakini limewazuia wahitimu wetu kuliko alama ndogo. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cha Kidato cha Nne Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari kina majina matatu na cha NIDA kina mawili na herufi. Mwanafunzi anaishi nayo hayo miaka yote bila tabu, mpaka siku anapopakia vyeti kwenye mfumo wa ajira.

Tunashauri ukaguzi wa majina ufanywe mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, wala usisubiri mahafali. Mwanafunzi apange karatasi zake nne mezani, asome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ikipatikana, kuna njia ya hati ya kiapo au ya kubadili jina, na kuna njia ya kusahihisha cheti kwenye taasisi iliyokitoa. Ipi inafaa inategemea kosa liko wapi. Mshauri asiamue mwenyewe, ampeleke kwa mwanasheria wa chuo. Kazi ya mshauri ni kuhakikisha safari hiyo inaanza ikiwa imebaki miaka miwili, si siku mbili.

Pia wajue nafasi za Serikali ya Mapinduzi na za taasisi za Muungano haziombwi mlango mmoja. Za Muungano zinapitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaotaka namba ya NIDA, na matangazo yake yanasema wazi kwamba transkripti pungufu na slipu za matokeo za Kidato cha Nne na cha Sita hazipokelewi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Aliyepoteza cheti chake cha Kidato cha Nne aanze kulishughulikia jambo hilo kwa Baraza la Mitihani leo. Na kila mmoja awe na anwani yake ya barua pepe na namba yake ya simu. Namba ya kaka aliyehamia Muscat haitaupokea ujumbe wa usaili.

Njia za kila kitivo

Sitapita vyote. Vitivo vya sheria vinajua kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Wanafunzi wao hawajui hivyo mpaka mwaka wa nne. Kuna Skuli ya Sheria Zanzibar, na kwa Bara ile Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na zote zina ada na muda wake. Elezeni mwaka wa kwanza. Wa udaktari wana utarajali wa miezi 12 kabla ya usajili kamili, na bajeti ya nyumbani ihesabu mwaka huo. Wa uhasibu waambiwe kwamba waajiri wengi watauliza umefika ngazi gani ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na masomo ya chuo yanayoweza kumpunguzia mtihani yaulizwe bodi kabla hajajisajili.

Kiswahili nitakitetea, kwa sababu kinadharauliwa na wenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anadhani ana njia mbili: kufundisha au kungojea kufundisha. Hapa ndipo penye desturi ndefu ya kuwafundisha wageni lugha. TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ilianza 1979 na sasa imo ndani ya SUZA. Umoja wa Afrika umekipokea Kiswahili miongoni mwa lugha zake za kazi, na mahitaji ya tafsiri na ukalimani yamo hata katika semina na miradi inayoendeshwa hapa hapa Unguja. Lakini kazi hizo zinataka ushahidi: kurasa 10 za tafsiri zilizosahihishwa na mtu wa fani, au rikodi ya dakika 5 ya ukalimani. Kitivo kinaweza kuzitoa ndani ya somo lenyewe, bila gharama, kwa kubadilisha zoezi moja la muhula.

Kwa upande wa elimu, mhitimu anayejitolea skuli akingojea ajira apewe maelekezo ya barua. Barua ya mwalimu mkuu isiyotaja masomo, madarasa, vipindi kwa wiki na tarehe za kuanza na kumaliza ni karatasi ya heshima tu.

Pemba

Wanachama wa Pemba walilalamika, kwa haki, kwamba mafunzo yetu yote yalifanyika Unguja. Meli ya kutoka Mkoani, kulala na kurudi ni siku mbili za kazi kwa mafunzo ya saa tatu. Mwaka ujao mafunzo ya washauri yaanze Chake Chake, wa Unguja ndio wavuke. Mshauri wa Pemba pia amfundishe mwanafunzi kuweka akiba ya nauli ya usaili mapema, kwani ujumbe wa kuitwa unaweza kuingia ukiwa umebaki muda wa meli moja tu.

Tuliyoyakosea

Fomu yetu ya kwanza ya kumbukumbu ilikuwa kurasa 4. Iliandikwa na kamati, na inaonekana. Hakuna aliyeijaza hadi mwisho. Sasa ni upande mmoja wa karatasi: jina, mwaka, alichokileta, jambo moja alilokubali kulifanya, tarehe ya kurudi.

Kundi la WhatsApp la matangazo ya kazi liliharibika ndani ya muhula. Liligeuka dampo la matangazo yaliyokwisha muda, na mengine ya matapeli wanaotaka pesa ya "usajili" kwa njia ya simu. Utaratibu mpya: tangazo lisilo na chanzo, tarehe ya mwisho na anwani linafutwa, na lolote linalomtaka mwombaji alipe linaripotiwa kwa ofisi ya chuo. Wanafunzi waambiwe sana hilo la malipo.

Semina kubwa ya ukumbini, yenye bango, maji ya chupa na wageni rasmi, tuliifanya tena. Picha zilitoka vizuri. Kwa fedha ile ile tungelipia nauli za ziara za wiki ya pili kwa vitivo kadhaa, na mimi nitapiga kura hivyo.

Yanayoombwa kuamuliwa

Kamati inaleta mambo matatu. Kwanza, barua ya Jumuiya yetu kwa wakuu wa vitivo kuomba saa 2 za ushauri ziingizwe kwenye ratiba ya muhula wa kwanza na zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri. Pili, karatasi ya makubaliano ya fildi itumike kwa majaribio na vitivo vitakavyokubali, na daftari zao zikaguliwe na mwanachama wa kitivo chengine. Tatu, fedha za semina zihamishiwe kwenye nauli za ziara.

Fomu mpya na karatasi ya makubaliano zimebanwa nyuma ya taarifa hii. Mwenye marekebisho ya maneno ayaandike pembeni kwa kalamu na amkabidhi Katibu kabla ya mapumziko ya Adhuhuri. Kura itapigwa mara tu Mshika Fedha atakapomaliza.